Kutoka tasnifu hadi makala yenye swali moja: uchambuzi wa kisa kutoka Dodoma

Kisa hiki kinahusu makala moja ya utafiti iliyoandikwa Dodoma, ikakataliwa, ikabomolewa hadi msingi, ikajengwa upya na hatimaye kuchapishwa. Mimi nilikuwa msomaji wake tangu siku ilipokataliwa. Mwandishi ameniruhusu kukieleza kwa sharti kwamba chuo, wilaya, jarida na majina ya wahusika visitajwe, na baadhi ya mambo mahususi ya utafiti nimeyabadilisha ili usitambulike. Makala yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida ya majarida mengi ya kilimo. Vifungu ninavyovionyesha hapa nimeviweka kwa Kiswahili.

Nakiandika kwa sababu tatizo lake nakutana nalo mwaka baada ya mwaka. Watafiti wetu wanarudi kutoka vijijini na data nzuri, data iliyokusanywa kwa jasho na kwa ukarimu wa wakulima walioacha kazi zao kujibu maswali, halafu inaishia kwenye rafu ya maktaba. Kinachokosekana mara nyingi si akili wala bidii. Ni kujua kwamba tasnifu na makala ni kazi mbili zenye kusudi tofauti. Tasnifu inamwonyesha mtahini kwamba umejifunza kutafiti, makala inampa msomaji jibu la swali moja.

## Usuli

Mtafiti ni mhadhiri msaidizi. Kabla ya kuingia chuoni alikuwa afisa ugani, na hilo linaonekana katika hojaji yake: maswali mafupi, yanayojibika, yaliyopangwa kwa mtiririko ambao mkulima mwenyewe angeufuata akisimulia msimu wake. Tasnifu yake ya umahiri ilihusu uhifadhi wa mahindi na mtama katika kata mbili za mkoa wa Dodoma.

Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na miaka mingi mvua yote haizidi milimita 600. Kaya huvuna mara moja, na kilichoingia ghalani ndicho kitakacholiwa mpaka mavuno mengine. Dumuzi na fukusi wakishambulia, hakuna mvua za vuli za kufidia. Ndiyo maana ikaja mifuko isiyopitisha hewa: gunia la kawaida nje, mifuko miwili ya plastiki nzito ndani. Nafaka ikikaushwa vizuri na mifuko ikafungwa sawasawa, wadudu humaliza oksijeni iliyomo na kufa bila dawa. Kwa nini basi kaya moja inainunua na jirani yake hainunui? Swali hili lina uzito mkubwa kwa mkoa kama Dodoma, na mtafiti alikuwa amelikaribia kuliko alivyojua.

Tasnifu ilikuwa na malengo mahususi manne: kubainisha njia za uhifadhi zinazotumika, kuchunguza sababu za kuzichagua, kueleza changamoto, na kutathmini mchango wa njia hizo katika usalama wa chakula. Ilikuwa na hojaji za kaya 200 na ushee, mahojiano ya kina na majadiliano ya vikundi. Ilipita kwa marekebisho madogo, na ilistahili.

## Jaribio la kwanza

Jarida alilolichagua lilitaka makala isiyozidi maneno 6,000. Tasnifu ilikuwa zaidi ya mara sita ya hapo, naye akafanya wanachofanya wengi: alipunguza kila sura kwa uwiano. Kwa hiyo kila kitu kilibaki, kikiwa kifupi. Malengo yote manne yalikuwemo, pia fasili za istilahi, mchoro wa kiunzi cha dhana, maelezo ya faida za hojaji kama mbinu, na mapendekezo kwa Wizara, halmashauri, wafanyabiashara, mashirika na wakulima wenyewe.

Kichwa kilisema: "Tathmini ya Mchango wa Teknolojia za Uhifadhi wa Nafaka Baada ya Mavuno katika Kuboresha Usalama wa Chakula na Kipato cha Wakulima Wadogo Nchini Tanzania: Uchunguzi Kifani wa Mkoa wa Dodoma." Sentensi ya kwanza ilikuwa ile inayofungua tasnifu nyingi za kilimo hapa kwetu, kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa uchumi wa Tanzania. Ni kweli, ila haimwelezi msomaji chochote kuhusu mifuko, ghala wala kata hizo mbili. Swali la utafiti lilijitokeza ukurasa wa nne, na hata hapo yalikuwa maswali manne.

Mhariri aliikataa bila kuipeleka kwa wahakiki, wataalamu wanaoisoma makala na kuipima kabla haijachapishwa. Barua yake ilikuwa fupi na ya heshima. Alisema haoni makala inajibu swali gani, utangulizi umechukua theluthi ya kazi nzima, na hitimisho linadai mambo ambayo data haijayapima.

Wakati huohuo ikaingia barua pepe kutoka jarida jingine, ikimsifu mtafiti kwa "mchango wake mkubwa duniani" na kumwahidi kuchapisha ndani ya siku chache akilipa ada. Alivutwa, na simlaumu, maana tathmini ya kazini ilikuwa inakaribia. Tulikaa tukaangalia mambo machache ambayo mtu yeyote anaweza kuyaangalia. Jarida lilikuwa halimo katika DOAJ, orodha ya majarida huria yaliyokaguliwa, wala katika AJOL, jukwaa la majarida ya Afrika lililoanza mwaka 1998. Bodi ya wahariri ilikuwa na majina yasiyo na vyuo. Masomo waliyochapisha yalianzia upasuaji hadi uhasibu. Uamuzi ulikuwa kutopeleka, kwa sababu moja nzito: makala ikishachapishwa mahali haiwezi kupelekwa kwingine. Data ya vijiji vile ingefungiwa mahali ambapo hakuna mtu makini angeitafuta.

## Majedwali mezani

"Mwalimu, nimeshaipunguza mpaka imebaki mifupa," aliniambia. "Sijui nitoe nini tena."

Nilimwomba aache maandishi kabisa na achapishe majedwali tu, kila moja kwenye karatasi yake. Tukayapanga mezani, na kwa kila jedwali tukauliza: linajibu swali gani, na jibu lake linabadilisha fikra za nani?

Mengi yaliondoka haraka. Jedwali la hali ya ndoa lilikuwepo kwa sababu tasnifu zote zina jedwali la hali ya ndoa. Hakuna mahali popote baadaye lilipotumika. Jedwali la njia za uhifadhi lilionyesha magunia ya kawaida, vihenge na dawa za unga, mambo ambayo msomaji wa jarida lile anayajua. Jedwali la changamoto liliorodhesha wadudu, panya na ukosefu wa fedha, kila kimoja na asilimia yake.

Tukafika kwenye jedwali ambalo katika tasnifu lilikuwa limefichwa kwenye kiambatisho. Liligawa kaya katika makundi manne: zilizopata mafunzo ya uhifadhi na zisizopata, kisha ndani ya kila kundi, zilizouza sehemu kubwa ya mavuno katika mwezi wa kwanza baada ya kuvuna na zilizosubiri bei ipande. Kwa kaya zilizosubiri, waliofundishwa walitumia mifuko kwa wingi kuliko wasiofundishwa. Kwa kaya zilizouza mapema, kufundishwa hakukuonekana kuleta tofauti.

Nikamuuliza, "Dada, hapa kulikuwa na nini?" Akajibu bila kufikiri sana, kama afisa ugani aliyeyaona kwa macho: "Watu wanajua, Mwalimu. Walifundishwa wakaelewa. Lakini mfuko unatakiwa ununuliwe wakati uleule mwenye trekta anadai hela yake ya kulima na dukani wanadai. Gunia likishauzwa, utahifadhi nini?"

Niliyaandika maneno hayo juu ya karatasi ya jedwali. Hiyo ndiyo ilikuwa makala. Kila nilichosoma katika rasimu yake hakikuwa na uwazi wa sentensi zile chache za mdomo, na hili ninalishuhudia mara nyingi: mtafiti anajua jibu, ila halisemi kwenye karatasi kwa sababu anadhani uandishi wa kitaaluma hauruhusu kusema jambo waziwazi.

Swali likaandikwa hivi: je, mafunzo ya uhifadhi yanaendana na matumizi ya mifuko hata kwa kaya zinazouza mapema? Malengo mengine matatu yakawekwa kando.

Msimamizi wake hakukubali mara moja. "Unatupa robo tatu ya kazi," alisema, na hoja yake ilikuwa na msingi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeisimamia kazi hiyo yote. Alichokihofia zaidi ni mtafiti kuukatakata utafiti mmoja vipande vidogo vidogo ili apate idadi ya machapisho, tabia ambayo wahariri wanaichukia kwa haki. Tulikubaliana makala zitakuwa mbili tu: hii ya hojaji, na nyingine ya mahojiano, kila moja na swali lake. Kilichobaki kingebaki katika tasnifu, ambako ndiko mahali pake.

## Matokeo na mbinu kwanza

Makala husomwa kuanzia kichwa na ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, kisha utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Haiandikwi kwa mpangilio huo. Tulianza na matokeo, kwa kuwa hayo hayabadiliki. Ukiyaandika kwanza, utangulizi hauwezi kuahidi kitu ambacho huna.

Tasnifu ilikuwa na aya za namna hii: "Jedwali la 4 linaonyesha kuwa watafitiwa wengi walikuwa wanawake, wakifuatiwa na wanaume. Hii inaonyesha kuwa wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume." Jedwali limekuwa mtendaji wa sentensi, na sentensi ya pili imerudia ya kwanza. Aya mpya ilisomeka: "Miongoni mwa kaya zilizosubiri kuuza, zilizopata mafunzo zilitumia mifuko zaidi ya zisizopata (Jedwali la 2). Miongoni mwa kaya zilizouza katika mwezi wa kwanza, tofauti hiyo haikuonekana." Ugunduzi umetangulia, jedwali limekaa kwenye mabano kama ushahidi, na hakuna maelezo ya sababu. Sababu zinasubiri mjadala.

Mbinu ndizo zilizotuchukulia muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kipimo chetu kilikuwa kimoja: mtafiti mwingine akisoma, ataweza kurudia kazi hii katika kata nyingine? Kwa kipimo hicho, kurasa mbili za kufasili usanifu wa utafiti na kusifia hojaji hazikuwa na kazi. Zikatoka. Papo hapo tukagundua kwamba mambo ya lazima hayakuwemo.

Kubwa lilikuwa vipimo. Wakulima walijibu kwa madebe, ndoo na magunia, na wengine kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Tasnifu iliandika kilo tu, bila kusema zilipatikanaje. Nilipouliza, mtafiti akatoa daftari lake la uwandani: alikuwa amepima kwa mizani madebe ya kaya kadhaa katika kila kijiji, mahindi peke yake na mtama peke yake, kwa kuwa debe la mahindi na debe la mtama halina uzito mmoja. Kazi nzuri kiasi hicho ilikuwa imelala kwenye daftari! Ikaingia kwenye makala kwa sentensi mbili, na baadaye mhakiki mmoja aliitaja kuwa sababu ya kuziamini takwimu zake.

La pili lilikuwa mwezi. Hojaji ilifanyika Julai, ghala zikiwa zimejaa, na swali la hasara lilihusu msimu uliopita. Mkulima anaulizwa akumbuke nafaka iliyoharibika miezi mingi nyuma, huku anatazama ghala lililojaa. Tulilitaja hilo waziwazi kama udhaifu na kuondoa makadirio ya hasara kabisa, kwa kuwa swali jipya halikuyahitaji.

La tatu, sampuli. Alikuwa ametumia kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, kama karibu kila tasnifu ninayoisoma: idadi ya kundi lengwa inagawanywa kwa moja ukijumlisha zao la idadi hiyo na mraba wa kiwango cha kosa. Kanuni ni halali, ila watu wanaitegemea kupita uwezo wake. Chukua kundi la kaya 1,200 na kosa la asilimia 10: utapata kaya 92 na kidogo. Chukua kaya 12,000 kwa kosa lilelile: utapata 99 tu. Kanuni hii inahusu kukadiria kiwango kimoja katika kundi zima, nayo inadhani kila kaya ilikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Haikuambii kama una kaya za kutosha kulinganisha makundi manne ya ndani. Isitoshe, kata zenyewe alizichagua kwa makusudi, kwa sababu mafunzo yalikuwa yamefanyika huko. Kaya tu ndizo zilizochaguliwa kwa nasibu kutoka kwenye orodha za vijiji. Uamuzi ukawa kusema yote hayo kama yalivyo, na kukiri kwamba matokeo hayauwakilishi mkoa wa Dodoma, sembuse Tanzania.

Kichwa kikabadilika papo hapo: "Mafunzo ya uhifadhi, uuzaji wa mapema na matumizi ya mifuko isiyopitisha hewa: kaya za wakulima katika kata mbili za Dodoma."

Safari ya vibali, kutoka barua ya chuo hadi kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, ilikuwa imejaza ukurasa. Ikawa sentensi mbili: nani alitoa kibali, na watafitiwa waliridhiaje.

## Utangulizi, na kilichotolewa

Mwanaisimu John Swales alichunguza tangulizi za makala za kitaaluma na kuonyesha kwamba nyingi hupitia hatua tatu: kwanza mwandishi anaonyesha uwanja wenyewe na umuhimu wake, pili anaonyesha pengo ndani ya uwanja huo, tatu anasema kazi yake inalizibaje. Nilimpa mtafiti hatua hizo na kikomo kimoja tu: kurasa mbili.

Sentensi ya uti wa mgongo ikapisha hii: "Katika maeneo yenye msimu mmoja wa mvua, nafaka inayoharibika ghalani haifidiki hadi mavuno yanayofuata." Msomaji anaingia moja kwa moja kwenye tatizo.

Mapitio ya maandiko yalikuwa yamepangwa kwa mtu na mwaka: fulani alisema hivi, mwingine naye akasema vile, aya baada ya aya. Tukayapanga upya kwa hoja. Kazi zilizoonyesha kwamba mafunzo yanasaidia zikakaa pamoja, zilizoonyesha kwamba kipato ndicho kikwazo zikakaa pamoja, na pengo likaonekana lenyewe: katika kazi alizozisoma, mambo hayo mawili yalipimwa kila moja upande wake, bila kuuliza kama moja linategemea jingine. Marejeleo yalipungua zaidi ya nusu na hoja ikapata nguvu.

Kilichokuwa kigumu kukitoa ni aya ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na wengine kufariki kwa kula nafaka yenye sumukuvu. Mtafiti alilijua jambo hili kwa karibu na aliliandika kwa uchungu, aya bora kuliko zote katika rasimu. Lakini utafiti wake haukupima sumukuvu hata kwenye punje moja. Na mfuko usiopitisha hewa unaua wadudu, hauondoi sumu iliyokwisha kuingia kwenye nafaka isiyokaushwa vizuri. Aya ile ingemfanya msomaji ategemee jibu ambalo halikuwepo, au mbaya zaidi, aamini kwamba mfuko ni kinga ya kila kitu. Tuliitoa. Naamini tulifanya sawa, ingawa mtafiti alinyamaza kwa muda kabla ya kukubali.

## Mjadala na kitenzi chake

Rasimu ya kwanza ya mjadala ilirudia matokeo kwa maneno mengine. Tulikubaliana aya ya kwanza ijibu swali kwa sentensi moja, ya pili iweke jibu hilo pembeni ya kazi za wengine, ya tatu ieleze kwa nini huenda iko hivyo, ndipo udhaifu ufuate.

Vita vyetu vilikuwa kwenye vitenzi. Mtafiti aliandika kwamba kuuza mapema "kunasababisha" kaya zisitumie mifuko. Hojaji iliyofanyika mara moja haiwezi kuthibitisha hilo. Inawezekana kaya iliyokosa mifuko ndiyo iliyoamua kuuza upesi kabla wadudu hawajaingia. Tukapita makala nzima tukibadilisha "inasababisha" kuwa "inaendana na", na kila penye "imethibitika" tukauliza imethibitishwa na nini. Mapendekezo matano kwa taasisi tano yakabaki moja: wanaopanga mafunzo wayapange pamoja na njia ya kaya kulipia mfuko baadaye.

Ikisiri iliandikwa siku ya mwisho.

## Majina ya waandishi

Hili huharibu urafiki, kwa hiyo tulilimaliza kabla ya kutuma. Tulifuata masharti manne ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambayo sasa yanatumika hata nje ya tiba: mtu awe amechangia kwa uzito katika kubuni utafiti au katika data, ameshiriki kuandika au kuhakiki maudhui, ameidhinisha nakala ya mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa kazi. Yote manne, si moja. Msimamizi aliyatimiza. Mwenzake aliyeendesha uchambuzi wa takwimu alikuwa na la kwanza tu, akapewa rasimu, akaisoma kwa makini na kurekebisha sehemu ya matokeo, akawa mwandishi wa tatu. Kiongozi mmoja wa ofisi, aliyetoa gari la kwenda uwandani, alitarajia jina lake liwemo. Msimamizi ndiye aliyekwenda kuzungumza naye, mkubwa kwa mkubwa, na jina lake likaingia kwenye shukurani. Mtafiti peke yake asingeweza kulibeba hilo, na asingepaswa.

## Wahakiki

Jarida la pili liliipeleka makala kwa wahakiki wawili. Wa kwanza aliuliza swali la haki kabisa: hiki unachokiita kuuza mapema, si umaskini tu kwa jina jingine? Mtafiti alikasirika, akaiacha barua siku kadhaa, kisha akarudi kwenye data. Alikuwa na ekari za kila kaya na idadi ya mifugo. Alipoviingiza kwenye uchambuzi, tofauti ilipungua lakini haikutoweka. Aliripoti yote mawili, kupungua na kubaki.

Wa pili aliona kwamba idadi ya kaya kwenye ikisiri hailingani na ya Jedwali la 1. Kwenye uchambuzi baadhi ya hojaji zilizokosa majibu ziliondolewa, na ikisiri ilibeba idadi ya zamani.

Barua ya majibu ilipangwa kwa safu tatu: hoja ya mhakiki neno kwa neno, jibu, na ukurasa na mstari ulipobadilishwa. Mahali pamoja hakukubaliana na mhakiki, akaeleza sababu kwa adabu bila kubadilisha kitu. Makala ilikubaliwa baada ya mzunguko wa pili.

## Uchambuzi

Uamuzi uliozaa mengine yote ni ule wa kuanzia kwenye majedwali. Mtafiti alipokuwa akipunguza maneno, kila sentensi ilikuwa na haki ya kubaki, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuipimia. Swali lilipopatikana, ukataji haukuhitaji ujasiri mwingi tena: hali ya ndoa na makadirio ya hasara vilijitoa vyenyewe, na hata aya ya sumukuvu ilipata sababu ya kutoka. Naamini pia kwamba kumfanya aseme ugunduzi kwa mdomo, kwa lugha anayoiota, kulifupisha safari. Ningefanya hivyo na kila mwandishi wa hapa anayelazimika kuchapisha kwa Kiingereza.

Uwazi kuhusu udhaifu nao ulilipa. Wengi huogopa kwamba kukiri kata zilichaguliwa kwa makusudi ni kumpa mhakiki fimbo. Hapa wahakiki wote wawili walipita hapo bila neno, kwa sababu kichwa, mbinu na hitimisho vilidai kitu kilekile.

Kilichoshindikana ni ikisiri. Kuiandika mwisho ni sahihi; kuiandika mwisho bila kuilinganisha na kila jedwali ni hatari, na kosa la idadi moja tu lingeweza kumfanya mhakiki mwenye haraka atilie shaka kazi nzima. Swali la umaskini nalo lilipaswa kuulizwa mezani, majedwali yakiwa mbele yetu, kwa kuwa data ya ekari na mifugo ilikuwepo muda wote.

Kinachonisumbua zaidi ni mahojiano. Katika kaya kadhaa, waliosimulia jinsi uamuzi wa kuuza unavyofikiwa walikuwa wanawake, na simulizi zao zilieleza kwamba anayehudhuria mafunzo mara nyingine si yule anayeshika funguo za ghala. Huenda hilo ndilo linaloeleza kwa nini mafunzo hayakuonekana kufanya kazi katika kundi lile. Kwa kutenga makala mbili, tuliliweka nje jibu linalowezekana la makala ya kwanza. Sentensi tatu za mahojiano ndani ya mjadala zingetosha, bila kuiharibu makala ya pili. Hivi sasa makala hiyo ya pili ina swali lake na majedwali ya dondoo za mahojiano, na mtafiti amekwisha kuandika sehemu ya matokeo.